Ujira wa Mwenye Kuhama: Kutaja Mshahara na Kupima Gharama za Mji

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mwenye kugawa riziki kwa hekima yake. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na Maswahaba zake. Ama baada ya hayo.

Ndugu msomaji, miongoni mwa maswali tunayoletewa mara kwa mara na vijana wanaomaliza masomo ya madrasa ni hili: kijana ameitwa mji mwingine akasomeshe au akasalishe, ameambiwa aende tu, mengine yatazungumzwa akifika, naye anaona haya kuuliza atalipwa kiasi gani. Je, kuuliza ni tamaa ya dunia? Je, anayetaja mshahara kabla ya kufunga safari amepunguza ikhlasi yake? Suala hili linamhusu kila anayehama kwa ajili ya kazi, awe fundi, mhasibu au muuguzi. Lakini tutamchukua mwalimu wa madrasa kuwa mfano, kwa kuwa yeye ndiye anayenyamaza zaidi kuliko wote.

Sisi wenyewe tuliwahi kunyamaza. Tulipokuwa vijana tuliitwa na kamati ya msikiti mmoja wa bara, na maneno tuliyoambiwa yalikuwa haya: "Nyumba ipo, chakula kipo, na mwisho wa mwezi hatutakuangusha." Tukafungasha. Tulipofika, nyumba ilikuwa chumba kimoja nyuma ya msikiti, kinachomfaa kijana asiye na familia. Chakula kilikuja kwa zamu kutoka majumbani, mpaka zamu zikaanza kurukwa. Mwisho wa mwezi ulikuwa mara bahasha, mara ahadi. Mke na mtoto walipotufuata, tulianza kukopa unga na mafuta kwa mwenye duka ambaye naye ni mjumbe wa kamati ileile. Baada ya miezi kumi na minne tuliondoka na deni, tukawaacha watoto waliokuwa katikati ya Juzuu Amma bila ya mwalimu, na madrasa ikafungwa kwa muda mrefu. Kamati ilituona tumewakimbia, nasi tuliona tumedhulumiwa. Tuliporudi vitabuni ndipo tukatambua kuwa kosa lilianza siku ya kwanza, na lilikuwa la pande zote mbili.

Kupokea ujira hakuondoi ikhlasi

Wanavyuoni wamekhitilafiana juu ya kuchukua ujira kwa kusomesha Qur-ani. Hanafi wa mwanzo waliukataza, lakini waliowafuata wakauruhusu walipoona kuwa elimu itapotea kwa kukosa watu wa kuisimamia. Imamu Malik na Imamu Shafii (Mwenyezi Mungu awarehemu) wameruhusu. Katika dalili zao ni Hadithi ya Ibn Abbas (r.a.) aliyoipokea Bukhari, katika kisa cha Swahaba aliyemsomea Suratul-Fatiha mtu aliyeumwa na mdudu mwenye sumu akapewa mbuzi. Mtume (s.a.w.) alieleza kuwa Kitabu cha Mwenyezi Mungu ni katika mambo yenye haki zaidi ya kuchukuliwa ujira.

Na mtazame Abubakar (r.a.). Mwaka wa 11 Hijria, baada ya kupewa ukhalifa, alitoka asubuhi kwenda sokoni na nguo zake za biashara. Maswahaba wakaona kuwa kazi ya umma na biashara havitachanganyika, wakamkadiria fungu katika Baitul-Maali. Bukhari amepokea kutoka kwa Bi Aisha (r.a.) kuwa Abubakar aliwaeleza watu waziwazi kwamba biashara yake haikuwa ikishindwa kuwatosha watu wa nyumbani kwake, na kwa kuwa sasa ameshughulishwa na mambo ya Waislamu, jamaa zake watakula katika mali hiyo. Hakuna aliyesema kuwa ikhlasi ya Swiddiq imepungua.

Umar (r.a.) katika ukhalifa wake alimkataza Abdullah bin Saadi kuukataa ujira wa kazi ya umma. Alimweleza kuwa yeye mwenyewe aliwahi kufanya hivyo zama za Mtume (s.a.w.), na Mtume akamwelekeza achukue kinachomjia bila ya kukionea uroho. Kwa hiyo kinacholaumiwa ni uroho wa moyo, wala si kujua haki yako ni ipi.

Mkataba wa Madyan

Tukitaka mfano wa mtu aliyehama na kupata kazi ugenini, tusome Suratul-Qasas kuanzia Aya ya 22 hadi ya 28. Nabii Musa (a.s.) alifika Madyan akiwa mkimbizi, mwenye njaa, hana nyumba wala jamaa. Mtu wa namna hiyo ndiye mwepesi wa kukubali chochote atakachopewa. Lakini angalieni mzee yule alivyoamiliana naye. Alimwita kwanza ili amlipe kwa kazi ya kunywesha wanyama ambayo Musa aliifanya bila ya kuombwa. Kisha binti wa mzee akataja sifa mbili za mtu wa kuajiriwa, nazo ni nguvu na uaminifu. Kisha mzee akaweka mkataba: muda ni miaka minane, ikitimizwa kumi itakuwa ni hiari ya Musa, na malipo ni kuozeshwa mmoja wa mabinti zake. Akaongeza kuwa hataki kumtia Musa katika uzito. Musa naye hakujibu "inshallah tutaonana." Alirudia sharti kwa maneno yake, akathibitisha kuwa muhula wowote atakaoutimiza hatadaiwa zaidi, na akamfanya Mwenyezi Mungu kuwa Shahidi.

Hapa tunapata mambo manne yaliyotajwa kabla ya kazi kuanza: kazi, muda, malipo na ushahidi. Imepokewa kwa Ibn Abbas (r.a.) katika Bukhari kuwa Musa alitimiza muda mrefu zaidi katika ile miwili. Ukarimu wake ulikuja baada ya mkataba kubainishwa, haukuwa badala yake.

Hukumu ya ujira usiojulikana

Katika madhehebu ya Imamu Shafii, ambayo ndiyo yaliyoenea katika pwani yetu, ijara ina nguzo zake: wenye kufunga mkataba, tamko, manufaa na ujira. Ujira unaowekwa katika dhima ni sharti ujulikane jinsi yake, kiasi chake na sifa yake. Ipo Hadithi ya Abu Said al-Khudri (r.a.) aliyoipokea Imamu Ahmad, yenye kukataza kumwajiri mtu kabla ya kumbainishia ujira wake. Sanadi yake imekatika, lakini maana yake inaafikiana na katazo la gharari lililothibiti katika mauziano.

Sasa tuyapime yale maneno matatu tuliyoambiwa.

La kwanza, "chakula kipo." Kumwajiri mtu kwa chakula chake na mavazi yake, Imamu Malik amekujuzisha, na ni riwaya mojawapo ya Imamu Ahmad, kwa kurejea ada ya watu. Abu Hanifa amekuruhusu kwa mwanamke anayenyonyesha tu. Ama Shafii hakukujuzisha, kwa kuwa chakula hakina kiasi kinachojulikana. Na aliyeonja zamu zinazorukwa ataifahamu vyema sababu ya kauli hii.

La pili, "nyumba ipo." Nyumba yafaa kuwa ujira au sehemu ya ujira, lakini nayo yataka kujulikana. Ina vyumba vingapi? Maji yako wapi? Ni ya mtu mmoja au ya familia? Muda wa kukaa humo ni upi?

La tatu ndilo zito zaidi: "hatutakuangusha." Imamu Nawawi (aliyefariki mwaka 676 Hijria) ametaja katika Minhaj mas-ala ya mtu anayempa dobi nguo aifue, dobi akaifua, wala ujira haukutajwa. Kauli inayotegemewa katika madhehebu ni kuwa dobi hana ujira, kwa kuwa ametoa kazi yake bila ya sharti. Ipo kauli nyingine kuwa akiwa ni mtu ajulikanaye kwa kufanya kazi ile kwa malipo, basi analipwa, na Nawawi ameashiria uzuri wa kauli hiyo. Kisha wenye kuisherehesha Minhaj wakabainisha kuwa khitilafu hii ni pale ujira usipotajwa hata kwa ishara. Ama mtu akiambiwa kwa mfano "nitakuridhisha" au "sitakuangusha," basi anastahiki ujratul-mithli, yaani ujira wa mtu mfano wake kwa kazi mfano wake.

Tazama, ndugu msomaji, jinsi wanavyuoni walivyolichukua neno ambalo kamati zetu hulitamka kwa wepesi wakaliwekea hukumu. Neno hilo ni deni. Na mwajiriwa asiyeambiwa hata hilo, akanyamaza naye, ameiweka haki yake mahali ambapo kauli yenye nguvu katika madhehebu yake haimpi kitu. Je, mwenye mke na watoto anaruhusika kuicheza bahati nasibu hiyo? Nafaka ya mke na makazi yake ni wajibu wa mume kwa kadiri ya uwezo wake, kama zilivyobainisha Aya ya 6 na ya 7 za Suratut-Talaq. Na imepokewa na Abu Daud kuwa yamtosha mtu dhambi kuwatelekeza wale anaopaswa kuwalisha. Kwa hiyo kuuliza mshahara ni katika kuilinda faradhi.

Mizani mitatu ya al-Mawardi

Tukishajua kuwa ujira lazima utajwe, linabaki swali la kiasi. Imamu al-Mawardi (aliyefariki mwaka 450 Hijria), kadhi mkubwa wa madhehebu ya Shafii, ameandika katika al-Ahkamus-Sultaniyya kuwa fungu la askari katika diwani hupimwa kwa kifaya, yaani kiasi cha kumtosha ili asishughulishwe na kutafuta riziki akaiacha kazi yake. Kifaya hicho hutazamwa kwa mambo matatu: idadi ya watu anaowalea, idadi ya farasi na wanyama wake wa kupanda, na mahali anapokaa kwa ughali wake au urahisi wake. Kisha hali yake huangaliwa tena kila mwaka. Mahitaji yakizidi, huongezwa.

Hayo yameandikwa takriban miaka elfu moja iliyopita. Wanyama wa kupanda leo ni nauli na vifaa vya kazi. Watu anaowalea ni walewale. Na mahali anapokaa ndilo jambo linalosahauliwa na pande zote mbili.

Msingi huu una asili katika zama za mwanzo. Ibn Hisham ametaja kuwa Mtume (s.a.w.) alimwekea Attab bin Asid, liwali wake wa Makka, dirhamu moja kila siku, na Attab akawatangazia watu kuwa inamtosha na hana haja ya mtu. Umar (r.a.) alipowapeleka Kufa Ammar bin Yasir, Abdullah bin Masud na Uthman bin Hunaif, aliwakadiria mbuzi mmoja kila siku: nusu yake na matumbo kwa Ammar, aliyesimamia sala na jeshi, na robo robo kwa wenzake wawili. Na Abu Daud amepokea kwa Mustaurid bin Shaddad (r.a.) kuwa Mtume (s.a.w.) alieleza kuwa anayewafanyia kazi ya umma, asiye na mke ajipatie mke, asiye na mtumishi ajipatie mtumishi, na asiye na makazi ajipatie makazi. Atakayechukua zaidi ya hayo ni mwenye kukhini.

Hesabu ya mfano

Tuchukue mwalimu aliyeko Pangani anayepata shilingi 250,000 kwa mwezi. Anakaa nyumba ya urithi, nazi na muhogo vinatoka shambani, samaki humletea ndugu yake, na msikiti ni mwendo wa dakika chache. Anaitwa Dar es Salaam kwa shilingi 450,000. Jamaa wote wanampongeza. Je, amezidishiwa?

Tuandike yale tu ambayo nyumbani hakuwa akiyalipia. Takwimu ni za mfano. Kila mtu aweke za mahali pake. Kodi ya vyumba viwili 120,000. Nauli yake na ya watoto wa shule 60,000. Maji na umeme zaidi ya alivyozoea 25,000. Vitoweo na vyakula vilivyokuwa vikitoka shambani na baharini 90,000. Jumla ni 295,000. Mshahara umeongezeka kwa 200,000. Basi kila mwezi amepungukiwa 95,000, na bado anahesabiwa kuwa amepanda daraja. Ili abaki pale alipokuwa anahitaji 545,000.

Kisha kuna gharama za kuingia mjini. Wenye nyumba wengi wa Dar es Salaam hutaka kodi ya miezi sita au mwaka kwa mkupuo, na dalali huchukua kodi ya mwezi mmoja. Miezi sita ni 720,000, ukiongeza dalali ni 840,000, kabla ya gari la kubeba vyombo. Hiyo inakaribia mishahara yake miwili, naye hajasomesha hata siku moja. Mwenye kuhama bila ya kulizungumza jambo hili huanza kazi akiwa na deni, na deni la mwanzo ndilo linalozaa mengine.

Lakini insafu inataka tuandike na upande wa pili. Huenda mji ule una shule nzuri kwa watoto, hospitali kwa mzazi mgonjwa, au mwanachuoni wa kumalizia kitabu mbele yake. Hayo nayo ni manufaa, na mtu anaweza kukubali pungufu kwa ajili yake, ilimradi amekubali akiwa anajua. Kadhalika anayetoka mji mkubwa kwenda mji mdogo asishikilie kiwango cha alikotoka, kwa kuwa ujratul-mithli huangaliwa kwa mahali inapofanyika kazi.

Adabu za kujadiliana

Wapo wanaoona kuwa kujadiliana bei na ndugu Mwislamu ni ukosefu wa adabu. Bukhari na Muslim wamepokea kisa cha Jabir bin Abdillah (r.a.) ambaye Mtume (s.a.w.) alitaka kumnunua ngamia wake njiani. Katika riwaya ya Muslim, Jabir alikataa mara ya kwanza. Alipoombwa tena akauza, akashurutisha ampande mpaka afike kwa jamaa zake. Walipofika Madina, Mtume (s.a.w.) alimlipa thamani kisha akamrejeshea na ngamia. Ikiwa Swahaba alikataa bei na kuweka sharti mbele ya Mtume (s.a.w.), nani mwenye heshima kubwa zaidi katika kamati zetu hata asiulizwe?

Mwenye kutafuta kazi azingatie haya:

Kwanza, aseme kweli. Nabii Yusuf (a.s.) alitaja sifa zake za kuhifadhi na kujua alipoomba hazina za Misri, na zote zilikuwa kweli. Ama kudai kuwa msikiti mwingine umeahidi zaidi, na hali haukuahidi, ni udanganyifu, na ujira wake hauna baraka.

Pili, aonyeshe hesabu yake. "Nataka nyongeza" ni neno linaloleta ubishi. Orodha ya kodi, nauli na chakula huleta mazungumzo. Kamati nyingi hazikatai kwa ubakhili. Wajumbe wake wana nyumba zao na hawajalipa kodi kwa miaka mingi.

Tatu, asiingilie mapatano ya mwenziwe. Mtume (s.a.w.) amekataza mtu kupatana bei juu ya mapatano ya nduguye, na ijara huchukua hukumu hiyo. Anayesikia kuwa mwalimu fulani ameshakubaliana, kisha akaenda kujitolea kwa pungufu, amefanya haramu hata kama amefanya kwa jina la kujitolea.

Nne, mapatano yaandikwe: kazi na saa zake, kiasi, siku ya malipo, nyumba au posho ya nyumba, nani anayelipia kuhama, na ni lini yataangaliwa upya. Sheria za nchi nazo zina msaada humu. Tanzania Bara, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri kumpa mwajiriwa maelezo ya kazi yake kwa maandishi, yakiwemo malipo na mahali alipoajiriwa. Mkataba ukikoma mbali na hapo alipoajiriwa, mwajiri anawajibika kumsafirisha yeye na mizigo yake, au kumlipa gharama ya usafiri. Kenya, Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri atoe makazi yanayofaa au posho ya kutosha ya kodi.

Kwa wale wanaokwenda Ghuba, tunaongeza nasaha moja. Mkataba wa kule huandikwa kwa Kiarabu, na ndani yake mshahara wa msingi na posho ya nyumba si kitu kimoja. Asitie saini mtu kabla ya kusomewa na anayejua lugha. Wanafunzi wetu wa Kiarabu walifanye jambo hili kwa majirani zao. Ni sadaka isiyowagharimu kitu.

Neno kwa kamati

Enyi wazee wa misikiti, mkimwita mtu kutoka mbali mmemtoa katika kivuli cha jamaa zake. Msingoje aulize. Mzee wa Madyan hakungoja. Kama uwezo wenu ni mdogo, semeni kiasi mlichonacho. Mtu akikubali kidogo anachokijua atasubiri nacho, na akiahidiwa kikubwa asichokijua atakinyong'onyea. Muulizeni ana watu wangapi, mfanye hesabu ya kodi pamoja naye, na kila mwaka muirudie. Na kumbukeni Hadithi ya Abu Huraira (r.a.) katika Bukhari, ya watu watatu ambao Mwenyezi Mungu mwenyewe atakuwa hasimu wao Siku ya Kiyama. Wa tatu wao ni aliyemwajiri mtu, akaichukua kazi yake kamili, asimpe ujira wake.

Na kwa yule ambaye tayari yuko kazini na hakuna kilichotajwa, mlango haujafungwa. Na aombe kikao, pande mbili zikadirie ujratul-mithli kwa miezi iliyopita, na ziweke kiwango bayana kwa inayokuja. Hivyo ndivyo tulivyopaswa kufanya sisi katika mwezi wa pili, na wala si kuhesabu bahasha kwa miezi kumi na minne kisha kuondoka alfajiri. Deni la duka tulilirudisha baadaye, na kamati nayo ikatutumia sehemu ya haki yetu; tukasameheana. Lakini wale watoto walikwisha kuwa wakubwa, na wengi wao hawakurudi kuimaliza ile Juzuu.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu atupe riziki ya halali yenye kutosha, na atujaalie wakweli katika mapatano yetu. Wallahu aalam.